Bunduki ya oda au ya kiwandani kwa mwindaji bingwa anayeanza kazi?

Mpya wa Rungwa ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Nimekuwa msaidizi wa mwindaji bingwa katika vitalu vya magharibi kwa miaka kadhaa, na sasa nimepata leseni yangu mwenyewe. Muda wote huo nimebeba bunduki ya kampuni, Brno ya zamani ya kaliba .458, ambayo hurudi stoo kila msimu unapofungwa. Mwajiri amekubali kunikopesha sehemu ya fedha za kununua yangu, atakazozikata kidogo kidogo kwenye mshahara, na ameniruhusu kuendelea kubeba ile ya kampuni mpaka yangu ipatikane.

Mbele yangu kuna njia mbili. Ya kwanza ni bunduki mpya ya kiwandani, Winchester Model 70 Safari Express ya kaliba .375 H&H. Ya pili ni ofa ya fundi mmoja wa Ulaya niliyetambulishwa kwake na mgeni tuliyewinda naye. Fundi huyo yuko tayari kuniundia bunduki ya .416 Rigby juu ya mtambo (chuma cha kati kinachoingiza, kufungia na kutema risasi) wa zamani wa Mauser 98, yenye mtutu mpya na kitako cha mti wa jozi kilichochongwa kwa vipimo vyangu. Bei yake ni takriban mara nne ya ile ya kiwandani, na kusubiri kunaweza kufika miaka miwili.

Kinachonivuta kwenye oda ni mwili wangu. Mimi ni mrefu na mikono yangu ni mirefu, na kitako cha ile Brno ni kifupi kwangu kiasi kwamba kila ninapofyatua, kidole gumba cha mkono wa kulia hunigonga puani. Nimesoma mabishano mengi ya wenzetu wa Marekani juu ya bunduki za oda, lakini karibu yote yanahusu kupiga shabaha iliyo mbali sana. Kazi yangu ni kumsimamisha nyati aliyejeruhiwa na mgeni, ndani ya kichaka, pengine akiwa hatua kumi na tano tu mbele yangu. Je, kwa kazi ya namna hiyo, bunduki ya oda inanipa kitu ambacho ya kiwandani haiwezi kunipa, au nitakuwa nalipia uzuri wa mbao?

Mzee wa Ugalla amejibu:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa leseni. Nianze na jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: bunduki ya mwindaji bingwa haibebwi kwa ajili ya kuwinda. Anayewinda ni mgeni. Wewe unabeba bunduki ambayo siku nyingi haitatoa hata risasi moja, na siku itakapohitajika itahitajika kwa sekunde tatu au nne, katika majani marefu, moyo ukienda mbio na mgeni akiwa amesimama pasipo mahali pake. Kwa hiyo maswali ya kuiuliza ni machache. Je, risasi inaingia chemba kila mara? Je, ganda linatoka kila mara? Je, vilengeo viko mbele ya jicho mara tu kitako kinapofika begani? Ikiyajibu hayo yote vizuri inatosha, iwe imetoka kwenye mashine au kwenye benchi la fundi mwenye mvi.

Hapo ndipo inapoingia habari ya ukucha. Katika mtambo wa Mauser wa mwaka 1898, risasi inapopanda kutoka magazini, tako lake huteleza chini ya ukucha mpana wa chuma ulio ubavuni mwa komeo, lile chuma linalosukumwa na kuvutwa kwa mkono, na kuanzia hapo komeo limeishika mpaka ganda litemwe. Mtu aliyeshikwa na hofu akilisukuma komeo nusu ya safari, kisha akalivuta na kulisukuma tena, haachi risasi moja chemba na kuleta nyingine nyuma yake zikakwama zote mbili. Mitambo mingine husukuma risasi tu na kuishika mwishoni, komeo linapofungwa. Winchester walipoanza kutengeneza Model 70 mwaka 1936 waliiga ukucha huo. Mwaka 1964 wakauondoa ili kupunguza gharama, na wawindaji wakalalamika kwa muda mrefu hata katika miaka ya 1990 ukarudishwa. Ndiyo maana utasikia watu wakizitafuta kwa bei kubwa zile za kabla ya 1964. Hizi zinazouzwa leo, ambazo huunganishwa Ureno, zina ukucha, na zina kifungio cha usalama cha hatua tatu ambacho hukizuia kichomeo chenyewe, yaani pini inayogonga risasi, badala ya kuzuia kifyatulio peke yake. Maana yake ni kwamba, ukiondoa mbao na michoro, bunduki zote mbili ulizotaja zinafanya kazi kwa kanuni ileile.

Kuhusu kaliba, sheria yetu inaitaka .375 kuwa ya chini kabisa kwa wanyama wakali, na kwa hiyo hapo huna tatizo. Risasi ya .375 H&H imekuwapo tangu mwaka 1912; kichwa chake cha kawaida, yaani kile kinachoruka, kina uzito wa gramu 19.4 na huondoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Kichwa cha .416 Rigby, risasi ya mwaka 1911, ni cha gramu 26 hivi, na hutoka polepole kidogo. Mimi nikiwa namfuata nyati aliyejeruhiwa ningependa kuwa na .416 mkononi, sifichi. Lakini teke lake, yaani msukumo wa kurudi begani, huzidi la .375 kwa karibu nusu, na mwindaji kijana anayeliogopa teke la bunduki yake hufumba macho bila kujijua. Halafu fikiria upatikanaji wa risasi. Siku sanduku la risasi litakapopotea uwanja wa ndege, au utakapoishiwa katikati ya msimu, .375 utaipata kwa mwenzako wa kitalu cha jirani, lakini .416 Rigby utaulizia mpaka uchoke.

Vyovyote utakavyoamua, bunduki isiende porini kabla hujaijaza risasi bandia zenye umbo lilelile la risasi utakazotumia, ukazipitisha zote taratibu, kisha kwa nguvu, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Zingatia sana risasi ngumu isiyopasuka, ambayo siku hizi mara nyingi ina ncha bapa. Bunduki inayomeza risasi za ncha ya mviringo bila shida huweza kuikataa ile bapa, na hilo ni jambo la kuligundua ukiwa sebuleni.

Fundi Komeo amejibu:

Mzee amesema ya msingi. Mimi nitaingia kwenye chuma. Ndugu yangu, kabla hujamtumia huyo fundi hata shilingi moja ya malipo ya awali, muulize ni mtambo gani hasa wa Mauser 98 anaokusudia kuutumia, kwa sababu jina hilo linafunika vitu viwili vilivyo mbali sana. Mtambo wa kawaida ulitengenezwa kwa ajili ya risasi ya jeshi la Ujerumani ya 8×57, ambayo nzima ina urefu wa milimita 80 na kitu, na tako lake ni la milimita 12. Risasi ya .416 Rigby ina urefu wa milimita 95 na tako la milimita 15. Ili iingie katika mtambo wa kawaida, lazima chuma kikatwe mbele na nyuma ya tundu la magazini na uso wa komeo upanuliwe. Huko mbele ndiko lilipo tuta la chuma ambalo jino la chini la komeo huliegemea na kupokea msukumo wote wa baruti. Wapo mafundi waliofanya kazi hiyo na bunduki zikadumu, lakini mimi nisingependa kuweka shavu langu juu ya chuma cha umri wa miaka themanini au mia, kilichochongwa mahali hapo, halafu kikaanikwa kwenye jua la Oktoba. Mauser ya Oberndorf ilitengeneza pia mitambo mirefu kwa ajili ya nyumba za kuunda bunduki kama Rigby ya London, lakini ile ya zamani ni michache, na bei yake pekee ingeweza kukununulia bunduki nzima ya kiwandani.

Mambo haya yana historia ya karibu nasi. Mwaka 1905 fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock aliunda risasi ya 9.3×62 kwa makusudi, ili itoshe kwenye Mauser ya kawaida bila kukata chuma, kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika ambao hawakumudu bunduki za London. Swali lako, kwa hiyo, lilikwisha kuulizwa katika nchi hii kabla ya vita vya kwanza, na wengi wakalijibu kwa mifuko yao.

Ufahamu pia kwamba mpaka kati ya oda na kiwanda si mnene kama unavyodhaniwa. Rigby yenyewe, ambayo jina lake limo kwenye risasi unayoitamani, siku hizi huunda bunduki zake za komeo juu ya mitambo inayotoka kiwanda cha Mauser kilichoko Isny, Ujerumani. Sehemu kubwa ya bei ya oda ni saa za kazi ya mkono: kuchimba kitako mpaka chuma kilale bila mwanya, kuchora vishikio, kung'arisha, kutia rangi ya bluu. Katika hayo yote, mawili tu ndiyo yanayokuhusu ukiwa kichakani. La kwanza ni kisanduku cha magazini kilichopimwa kwa risasi husika, maana upana na mwinamo wa kuta zake ndio unaoamua risasi zipande vipi. Mauser walikuwa wakikokotoa upana huo kwa kila aina ya risasi. La pili ni kulaza chuma ndani ya mbao.

Na hapo ndipo bunduki nyingi za kiwandani za kaliba kubwa hukosea. Nimefungua za viwanda tofauti nikakuta jino la kupokea teke halikugusa mbao sawasawa, kwa hiyo kila risasi inakisukuma kitako kwa nyuma mpaka ufa unatokea pale nyuma ya komeo, mahali ambapo mbao ni nyembamba. Nimekuta reli za magazini zenye kingo kali kama zilivyoachwa na mashine, na kilengeo cha mbele kinachocheza. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji oda. Fundi mwenye leseni atalaza chuma upya kwa gundi ya epoksi, atalainisha reli, atakaza vilengeo, na atahakikisha nondo mbili za kupita ndani ya kitako zipo na zimekaza. Kazi hiyo ni ya siku chache, na gharama yake haikaribii hata robo ya tofauti ya bei uliyotutajia.

Suala la pua na kidole gumba ndilo rahisi kuliko yote. Kitako cha kawaida cha bunduki hizo kina sentimita 35 hivi kutoka kifyatulio hadi mwisho. Mtu wa urefu wako huenda anahitaji 37. Sentimita mbili zinapatikana kwa kipande cha kati na mpira mnene zaidi nyuma ya kitako. Unataka kulipa mara nne kwa sababu ya jambo ambalo, kati ya yote yanayotolewa na oda, ndilo la bei ndogo kabisa kulirekebisha.

Mkono wa Kushoto amejibu:

Kwa heshima zote kwa Mzee na Fundi, nahisi suala la vipimo mnalichukulia kwa wepesi, labda kwa sababu nyote mnatumia mkono wa kulia na mna miili ambayo viwanda viliifikiria. Mimi ni mwanamke, nina mabega membamba, na nafyatulia kushoto. Nikitumia bunduki ya kulia, ili nipige risasi ya pili lazima nipeleke mkono juu ya bunduki, nikiondoe kitako begani, nivute komeo, kisha nitafute vilengeo upya. Nyati hasubiri hayo yote. Vipo viwanda vinavyotengeneza komeo la kushoto, lakini katika kaliba kubwa vinachagua kwa uchache, na niliyoitaka haikuwapo. Kwa hiyo niliagiza, na sijutii.

Urefu wa kitako ni kipimo kimoja tu. Kuna kimo cha mgongo wa kitako, ambapo shavu hulala, na kuna mwinamo wa kitako kwenda pembeni kufuata upana wa uso. Kiatu kinaweza kuwa na urefu sahihi na bado kikakubana pembeni, na kitako ni hivyohivyo. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, fumba macho, iinue begani kama unavyoiinua kazini, kisha fumbua. Kama unaona kilengeo cha mbele kimekaa ndani ya kile cha nyuma bila kusogeza shingo, bunduki ni yako. Kama unaona chuma cha nyuma peke yake, au anga, mpira wa sentimita mbili hautakusaidia. Fanya jaribio hilo dukani kabla ya kulipa.

Lakini ni haki nieleze pia upande wa pili wa oda yangu. Fundi aliyeiunda alichelewa sana kuliko alivyoahidi, na ilipofika ilikuwa inaingiza vizuri risasi tatu za juu kisha ya mwisho inakwama pua kwenye ukingo wa chemba. Kama ingekuwa ya kiwandani na nimeinunua kwa muuzaji wa hapa, ningeirudisha dukani. Hii ilibidi irudi kwa aliyeiunda, na kuitoa bunduki nchini kisha kuiingiza tena kunahitaji vibali pande zote mbili. Msimu mzima nilibeba bunduki ya kuazima. Sasa inafanya kazi bila doa, na nikiiinua sihitaji kuitafuta. Lakini mtu asiyekuwa na sababu ya mwili kama yangu sioni kwa nini ajitie kwenye msafara huo.

Mkazi wa Montana amejibu:

Ndugu wa Rungwa, hayo mabishano ya huku uliyoyasoma yasikuchanganye. Hapa Marekani bunduki ya oda ilijengeka juu ya utamaduni wa kulenga mbali na wa mashindano: mtu ananunua mtambo wa Remington 700, ambao uko sokoni tangu 1962, anautafutia mtutu wa kampuni ndogo inayosifika, na lengo lake ni risasi zote ziangukie ndani ya dakika moja ya nyuzi, yaani karibu sentimita tatu kwa mita 100. Zamani bunduki ya kiwandani haikufika hapo isipokuwa kwa bahati. Siku hizi mashine za kompyuta zimebadilisha hesabu, na viwanda kama Tikka wa Finland vinatoa dhamana ya kiwango hicho kwa bunduki ya bei ya kawaida kabisa. Sababu kuu ya zamani ya kwenda kwa fundi imepungua nguvu hata huku, na kwa nyati aliye hatua kumi na tano haijawahi kuwa na maana yoyote.

Jambo moja la kuongeza, kwa sababu jamaa wengi wa nyumbani huniuliza: bunduki iliyonunuliwa hapa haibebwi tu kwenye sanduku la mtu anayerudi likizo. Inahitaji leseni ya kuitoa kutoka serikali ya Marekani, na kibali cha kuiingiza Tanzania kilichotolewa kabla haijasafiri. Vilevile kumbuka kwamba Marekani haina nyumba rasmi ya kujaribia mitutu kama zilizopo London, Birmingham, Liège na Ferlach. Ukiagiza Ulaya, sisitiza uone mihuri ya majaribio kwenye mtutu na kwenye mtambo, baada ya kazi yote ya kukata kukamilika.

Mwana wa Nanyuki amejibu:

Kwetu Kenya uwindaji ulifungwa mwaka 1977, kwa hiyo nazungumza kama mtu aliyekulia kati ya bunduki za babu zilizokuwa zikiuzwa moja baada ya nyingine. Sijui kwa nini hakuna aliyetaja njia ya tatu. Zile Brno ZKK 602, na CZ 550 zilizozifuata kutoka kiwanda cha Uherský Brod, zina mtambo mrefu halisi, wenye ukucha, unaotosha .416 Rigby bila kukatwa popote. CZ wameacha kutengeneza 550, na ndiyo sababu zilizotumika zinatafutwa. Ukimpata mwindaji anayestaafu, akakuuzia yake kwa kufuata taratibu za polisi za kuhamisha umiliki, unapata bunduki ambayo tayari imeshaonyesha tabia yake. Iangalie mdomo wa mtutu kama umechakaa, iangalie nyuma ya komeo kama kuna ufa, na muulize mwenyewe imewahi kukwama lini na kwa risasi gani.

Kuhusu thamani ya oda, niseme kidogo. Watu husema bunduki ya oda ni urithi. Ni kweli kwa jina la nyumba kubwa ya London, ambayo mnunuzi wa Dallas au wa Munich anaitambua. Bunduki ya fundi mzuri lakini asiyejulikana huuzwa kwa bei ya mtambo na mtutu, na saa zote za mkono wake hazihesabiwi, tena kitako kilichopimwa kwa ajili ya mtu mrefu hakimfai mnunuzi mfupi. Yule mzungu mashuhuri wa Karamoja, Bell, aliua tembo wengi kwa risasi ndogo ya 7×57, na bunduki zake za Rigby leo zina bei kwa sababu yake yeye. Bunduki yako itakuwa na bei ya soko, ndugu yangu, mpaka hapo na wewe utakapokuwa Bell, na kwa sheria za sasa sikushauri ujaribu.

Mpya wa Rungwa ameandika:

Nawashukuru wote kwa moyo mkunjufu. Nilimwandikia yule fundi na kumuuliza juu ya mtambo, kama Fundi Komeo alivyonielekeza. Amejibu kwa uungwana kwamba ni mtambo wa kawaida wa kijeshi wa miaka ya 1930, na kwamba amefanya kazi hiyo mara nyingi. Simshutumu, lakini nimeamua kutoendelea na oda. Nimefanya pia lile jaribio la kufumba macho kwa Model 70 ya mwenzangu wa Arusha: kilengeo cha mbele kilionekana chote, ila kilikaa juu kidogo ya kile cha nyuma, na kidole gumba bado kilikuwa karibu na pua.

Nimebakiwa na swali moja. Je, niongeze urefu wa kitako kwanza kisha nipige, au nipige kwanza ndipo nijue cha kuongeza? Na kama nitaweka darubini, Mzee anasemaje?

Fundi Komeo amejibu:

Usikate wala kuongeza kitu kabla hujapiga. Nenda kwenye uwanja wa shabaha ukiwa umevaa shati la kazi na mkanda wa risasi utakaovaa porini, maana koti nene la asubuhi ya Julai peke yake linakula karibu sentimita moja ya urefu. Anza na mipira ya kuvalisha kitako, ile inayovuliwa kama soksi. Ongeza mmoja mmoja mpaka kati ya kidole gumba na pua kuwe na nafasi ya vidole viwili bunduki ikiwa begani. Pima urefu huo, kisha ndipo uje tufunge kipande cha kudumu. Kilengeo cha mbele kinachoonekana juu kinaniambia kwamba kichwa chako kiko juu kidogo ya mahali panapotakiwa, na kwa mtu mwenye mikono mirefu mara nyingi hiyo hutokana na ufupi huohuo wa kitako, kwa sababu anakunja shingo kujitenga na mkono wake. Ukishapata urefu sahihi na bado kiko juu, hapo tutazungumza juu ya kupunguza mgongo wa kitako kwa tupa, milimita moja kwa wakati, kwa sababu mbao ikishaondoka hairudi.

Mzee wa Ugalla amejibu:

Darubini weka, lakini iwe ndogo, inayoanzia ukuzaji wa mara moja, na iwe na vishikizo vya kubandua kwa mkono bila bisibisi. Inakusaidia jioni, unapotaka kumwona vizuri nyati ndani ya kivuli kabla hujamruhusu mgeni apige. Mkianza kufuata damu, ibandue uikabidhi kwa mfuata nyayo wa nyuma, ubaki na vilengeo vya chuma. Ukisharudi kambini ibandike tena, upige risasi moja kwenye karatasi kuhakikisha imerudi palepale. Isiporudi, vishikizo hivyo ni vya kubadilishwa. Na kibali cha bunduki anza kukishughulikia sasa hivi, huu mwezi, maana kuanzia Mei kila mtu wa vitalu anapanga foleni mbele ya meza ileile.